Kuamsha kompyuta ya parokia kwa ruta



Hapa Mokambo tulizoea kuacha kompyuta ya ofisi ikiwaka usiku kucha, ili mkristo anayesafiri mapema apate cheti chake cha ubatizo bila kungoja ofisi ifunguliwe. Asubuhi moja tulikuta umeme umekatika, betri zimekwisha, na faili la ubatizo halifunguki. Tuliandika majina yote upya kutoka kwenye daftari la karatasi. Tangu hapo kompyuta yetu hulala, nasi huiamsha tukiwa nyumbani kwa mchungaji, kando ya kanisa.

Inawezekanaje? Kompyuta ikizimwa bila kuchomolewa, kadi yake ya mtandao hubaki na umeme kidogo na kusikiliza. Huamka ikisikia ujumbe mfupi wa baiti 102: alama FF mara 6, kisha anwani yake ya MAC mara 16. Mafundi huuita pakiti ya maajabu, lakini msiogope, hakuna uchawi ndani yake. Ni sawa na kumwita mtu kwa jina lake mpaka aitike.

Hatua ni hizi:

1. Unganisheni kompyuta na ruta kwa waya. Kwa Wi-Fi mara nyingi haifanyi kazi.
2. Ingieni BIOS, mwashe Wake on LAN. Katika Windows, iruhusuni kadi ya mtandao kuamsha kompyuta, na mzime uwashaji wa haraka.
3. Andikeni anwani ya MAC, kisha katika ruta muipe kompyuta hiyo anwani ya IP isiyobadilika.
4. Tafuteni katika ruta sehemu ya kuamsha kompyuta. Ruta za OpenWrt zinaweza kuongezewa programu hiyo. Isipokuwapo, programu ya simu iliyo kwenye mtandao uleule inatosha.
5. Zimeni kompyuta, kisha mjaribu.

Mjihadhari na mambo mawili. Umeme ukikatika kabisa, kompyuta nyingi hazitaitika tena mpaka ziwashwe kwa mkono. Pia msifungue mlango wa ruta kwa watu wa nje ili kuiamsha mkiwa mbali, tumieni VPN.

Daftari la karatasi bado tunalitunza. Majina yale ni ya watu tuliokabidhiwa, na aliyekabidhiwa hutakiwa kuonekana mwaminifu, hata katika kuzima mashine usiku.