Ini Likizibwa, Utumbo Uulizwe

Mgonjwa anafika tumbo limejaa maji, ini limevimba, ubavu wa kulia unauma. Mawazo ya kwanza huenda kwenye homa ya ini, pombe au kichocho. Madaktari wa Tunisia na Algeria, hata hivyo, wamekutana na wagonjwa wa aina hii ambao chanzo cha maradhi yao kilihusiana na mkate wanaokula kila siku.

Damu yote inayopita kwenye ini hutokea kwa vena chache, tatu kati yake kubwa, kuelekea moyoni. Damu ikiganda humo, ini hufura kama bwawa lililokosa mlango, na majimaji huvujia tumboni. Hali hiyo adimu inaitwa Budd-Chiari, kwa heshima ya George Budd, tabibu wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1845, na Hans Chiari, mwanapatholojia wa Austria aliyeichambua mwaka 1899. Ulaya mara nyingi huanzia kwenye uboho unaotengeneza chembe za damu kupita kiasi.

Katika ugonjwa wa siliaki, gluteni ya ngano na shayiri huchochea kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba. Kusini mwa Mediterania, kwenye kuskusi na mikate, ugonjwa huu si mgeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Wasahrawi wanao.

Utumbo na vena ya ini vinakutana wapi? Utumbo uliojeruhiwa haufyonzi vizuri foleti na vitamini B12, hivyo homosisteini hupanda katika damu na kuidhuru mishipa. Bandama nayo inaweza kusinyaa, na chembe sahani zinazogandisha damu zikaongezeka. Kinachonishangaza zaidi ni vitamini K. Tumezoea kuambiwa kwamba huisaidia damu kuganda, na ni kweli. Lakini mwili huihitaji pia kutengeneza protini C na S, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo. Upungufu mmoja unaweza kulegeza pande zote mbili. Hata hivyo, wengi wenye siliaki hawapatwi kamwe na janga hili, na anayepatwa huenda ana kasoro nyingine ya damu. Kwa hiyo kuigundua siliaki kusiwe sababu ya kuacha kutafuta zaidi.

Nami naona kosa kubwa zaidi ni kutoutazama utumbo kabisa, kwa kuwa siliaki inaweza kukaa miaka bila kuharisha, ikionekana kwa upungufu wa damu tu. Altrasaundi ya Dopla huonyesha vena iliyoziba. Kipimo cha damu cha kingamwili huelekeza kwenye siliaki, kisha kinyama cha utumbo huithibitisha. Vipimo hivyo viwili vifanyike kabla mgonjwa hajaacha ngano, la sivyo majibu yanaweza kupotosha.

Matibabu huenda pamoja: kuacha gluteni maisha yote na kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, wakati mwingine pamoja na kuzibua vena au kuipitishia damu njia mpya. Anayetumia warfarini, inayofanya kazi kwa kuipinga vitamini K, apimwe damu mara kwa mara: utumbo unapopona hufyonza tofauti na jana, na dozi iliyomfaa akiwa mgonjwa huenda isimfae tena.