Wajenzi wa Gundam

Mshabiki wa Gundam, katuni ya Kijapani ya maroboti, hujulikana kwa kazi ya vidole vyake. Anaweza kuwa karani, mwanafunzi au mzee aliyestaafu, lakini jioni utamkuta ameinama chini ya taa, koleo dogo mkononi, akikitoa kipande cha plastiki cha modeli ya roboti kwenye fremu yake. Hakati mara moja. Hukata kwanza mbali kidogo na kipande, kisha hurudia karibu zaidi, taratibu, maana plastiki ikibanwa kwa pupa huacha alama nyeupe. Kinachobaki hupigwa msasa, namba 400, halafu 600, halafu 800, hadi pale palipokatwa pasijulikane. Vipande hushikana bila gundi. Mwisho wino mweusi hupitishwa kwenye vifereji vya mwili, wa ziada ukafutwa, na ghafla ile plastiki ina uzito wa chuma machoni.

Wajapani huziita modeli hizi gunpla, nami nazipenda kwa dhati, kwa sababu ndizo zilizoiokoa hadithi yenyewe.

Mobile Suit Gundam ilianza kurushwa na televisheni ya Nagoya tarehe 7 Aprili 1979. Mwongozaji, Yoshiyuki Tomino, hakutaka roboti shujaa wa kuangamiza zimwi jipya kila wiki. Alileta vita kamili: Zeon, makoloni ya angani yanayodai uhuru, dhidi ya Shirikisho la Dunia, na katikati yao Amuro Ray, kijana wa miaka 15 anayejikuta rubani wa roboti la Gundam bila kupenda. Watazamaji walikuwa wachache, vichezeo vya mfadhili navyo vikadoda. Kipindi kilichopangiwa sehemu 52 kikakatishwa kwenye ya 43, Januari 1980.

Julai mwaka huohuo kampuni ya Bandai ikatoa modeli ya kwanza kwa yen 300, bei ambayo hata mtoto aliweza kuidunduliza. Kipimo kilikuwa 1 kwa 144, hivyo roboti la mita 18 likawa la sentimita 12 na nusu. Marudio ya kipindi yakauza modeli, na modeli zikaleta watazamaji wapya. Tarehe 22 Februari 1981 maelfu ya vijana walifurika Shinjuku, Tokyo, kwenye mkutano wa kuitangaza filamu ya kwanza ya Gundam, iliyotoka mwezi uliofuata.

Wapo wanaosema mashabiki hawa wamenaswa tu na biashara. Sikubaliani nao. Bandai inauza, tena sana, lakini ndani ya boksi kuna kazi ambayo bado haijafanywa. Mtazame Zaku, roboti la kijani lenye jicho moja, la jeshi la Zeon. Kwenye hadithi hulipuliwa mengi kwa mpigo, na marubani wengi hufa bila kutajwa jina. Kwenye rafu za mashabiki Zaku ana heshima sawa na Gundam yenyewe. Mtu atatumia wiki nzima kulichakaza roboti lake: kutu kwenye viungo, matope magotini, mikwaruzo ya risasi kifuani. Anampa askari wa upande ulioshindwa maisha ambayo kamera haikupata nafasi ya kuyaonyesha. Kati ya desturi zao zote, hii ndiyo inayonigusa zaidi, na naamini ndiyo usomaji makini kuliko wote wa kazi ya Tomino.

Mwaka 2009, Gundam ilipotimiza miaka 30, sanamu lake la mita 18 lilisimamishwa Odaiba, Tokyo. Waliokuwa watoto enzi za yen 300 walikuja na watoto wao. Lakini nyumbani hasa kwa gunpla ni Shizuoka, mji wa modeli, ambako kiwanda cha Bandai kipo. Kila Mei hufanyika maonyesho makubwa, na vilabu vya wajenzi hupanga kazi zao mezani. Unatazama bila kugusa. Unauliza rangi ile ilichanganywaje, na mwenyewe atakueleza hatua kwa hatua, hata pale alipoharibu akaanza upya. Siri hazifichwi.

Hata fremu tupu hazitupwi ovyo. Tangu 2021 Bandai huzikusanya kwa ajili ya kuzirejeleza, na mashabiki huzipeleka wenyewe kwenye masanduku yaliyowekwa madukani.