Boti Iliyopimwa kwa Mlango

Ukisimama juu ya daraja la chuma pale Braunston, kijiji cha katikati ya Uingereza ambako mfereji wa Oxford hukutana na ule wa Grand Union, utaiona boti nyembamba ikija tangu mbali, na itachukua muda mrefu kabla haijapita chini yako. Urefu wake unaweza kukaribia mita 22, kama mabasi mawili yaliyofuatana, lakini upana ni mita 2 na ushei tu, pungufu ya upana wa basi. Aliyekulia kwenye mashua, kama mimi, hulitazama umbo hilo na kujiuliza ni fundi gani aliyeliwaza. Nilidhani nitapata jibu kwenye karakana za boti. Nililipata kwenye milango ya maji, na tangu siku hiyo kila kinachohusu boti hizi, kuanzia namna ya kushika kana hadi namna ya kuosha vyombo, nimekuwa nakielewa kwa kupitia mlango ule.

Mwaka 1761 mfereji uliochimbwa kwa fedha za Duke of Bridgewater ulianza kuleta makaa ya mawe mjini Manchester kutoka migodi yake ya Worsley, na bei ya makaa ikashuka hadi karibu nusu. Mhandisi wa kazi hiyo, James Brindley, alikuwa fundi wa vinu ambaye kusoma na kuandika kulimpa taabu maisha yake yote. Sifa zake zilipoenea, wafanyabiashara wa Staffordshire, akiwemo mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood ambaye vyombo vyake vilikuwa vikivunjikia barabarani, walimtaka aunganishe mto Trent na mto Mersey. Kazi ilianza 1766. Kati ya mito hiyo pana mwinuko, na juu ya mwinuko hakuna mto wa kutegemea.

Maji hayapandi mlima, hivyo mfereji hupanda kwa ngazi. Kila ngazi ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito kwenye miisho yote miwili, na waendeshaji hukiita loki. Boti inayopanda huingia kwa chini, milango hufungwa nyuma yake, kisha vilango vidogo vya upande wa juu hufunguliwa. Maji huingia kwa uzito wake mwenyewe na kuinua boti mpaka ilingane na mfereji wa juu. Hakuna pampu wala injini. Ila kila boti inayovuka mwinuko hutumia maji ya loki nzima katika kupanda na ya loki nyingine katika kushuka, na loki moja nyembamba humeza zaidi ya lita laki moja. Maji hayo yote hutoka kwenye kipande cha juu kabisa, ambacho hulishwa na mabwawa.

Brindley alipiga hesabu ya maji hayo. Mbele yake palikuwa pia na handaki la Harecastle, zaidi ya kilomita mbili na nusu chini ya kilima, na kila futi ya upana ilikuwa gharama. Akakata shauri: loki ziwe na upana wa futi 7 hivi na urefu wa futi 72 hivi. Alifariki mwaka 1772 bila kuuona mfereji ukikamilika, jambo lililotimia 1777, lakini kipimo chake kiliigwa kwenye mifereji mingi ya katikati ya nchi, na boti zikalazimika kukifuata. Upana wao ukawa futi 6 na inchi 10. Ukigawa nafasi inayobaki ndani ya loki, kila ubavu unapata kama upana wa kidole gumba. Ndiyo maana nahodha mwenye busara huipandisha juu mipira ya ubavuni kabla ya kuingia. Mpira mmoja uliosahauliwa unatosha kuikwamisha boti kama kizibo kwenye chupa.

Nchini Uingereza anayekodi boti ya matembezi kwenye mifereji hii hadaiwi leseni ya unahodha. Huonyeshwa mambo kwa muda mfupi, kisha hukabidhiwa tani kumi na kitu za chuma. Mimi naona muda huo hautoshi, na nitaeleza hapa yale ambayo ningependa kila mgeni aambiwe kwanza.

Nahodha husimama tezi, mkono ukiwa kwenye kana. Ukiisukuma kana kushoto, omo huelekea kulia. Hilo mtu wa pwani analijua. Lililo geni kwake ni kwamba boti hii haifuati omo yake kama gari linavyofuata magurudumu ya mbele. Huzunguka kwenye kitovu chake, karibu na katikati ya mwili. Omo ikienda kulia, tezi nayo huenda kushoto, na kwa urefu ule huenda mbali. Nahodha anayetazama mbele tu ataupiga ukingo kwa nyuma. Kwenye kona lazima uanze mapema, usubiri mwili mrefu uitike, kisha urudishe kana katikati kabla hujaona kama umemaliza kugeuka. Haraka haisaidii kitu, kwa sababu chuma kizito kikishaanza kwenda upande fulani hakikatizwi kwa ghafla.

Breki hakuna. Kusimama ni kutia gia ya kurudi nyuma, na wakati huo usukani hausikii tena, kwa kuwa maji ya rafadha hayapiti juu yake. Chini hakuna mkuku. Ni bapa kama sinia, ili boti ielee kwenye maji haba. Kwa hiyo upepo wa ubavuni huisukuma boti kama unavyosukuma karatasi, na kwenye uwanda wazi utajikuta unasafiri kimshazari kama kaa. Mnapopishana, kila mmoja hushika kulia kwake. Unapotaka kugeuza, huwezi kufanya hivyo popote, maana mfereji ni mwembamba kuliko urefu wa boti. Unakwenda hadi mahali palipopanuliwa kwa kazi hiyo, unaiegemeza omo taratibu kwenye ukingo, na unaiacha tezi izunguke.

Kuhusu mwendo, kikomo ni kilomita 6.4 kwa saa, na mara nyingi hata hicho ni kingi mno. Kina cha mfereji huwa zaidi kidogo ya mita moja. Boti inapopita lazima isukume maji pembeni, na maji hayo yanatafuta njia ya kurudi nyuma kati ya chuma na tope. Ukiongeza moto, maji yanakosa njia, tezi inadidimia, na wimbi linavunjika ukingoni likimega udongo. Injini inanguruma, mafuta yanaungua, mwendo uko pale pale. Punguza, na mara nyingi utaona boti inajiinua na kuteleza karibu kwa kasi ile ile. Ukipita boti zilizofungwa, rudi kwenye mwendo wa chini kabisa wa injini, kwani maji unayoyavuta huzivuta na kamba zao, na ndani kuna mtu anamimina chai.

Nikiulizwa jambo moja tu la kumfundisha mgeni, huchagua kizingiti. Chini ya milango ya juu ya loki pana kizingiti cha jiwe au zege kinachotokeza ndani ya chumba, na loki ikijaa hakionekani. Boti inaposhuka huku tezi iko juu yake, maji hupungua, tezi hukaa juu ya jiwe, na omo huendelea kushuka. Boti inainama kichwa. Dakika chache tu zinatosha maji kuanza kuingia kwa mbele. Boti zimezama hivyo, nyingine zikiongozwa na watu wenye uzoefu waliokuwa wakizungumza na mpita njia. Mstari umechorwa ukutani kuonyesha kizingiti kinapoishia: tezi ikae mbele ya mstari huo mpaka mwisho. Anayefungua vilango asiondoe macho kwenye boti. Ikianza kuning'inia, afunge vilango vya chini mara moja, kisha arudishe maji kwa juu polepole. Kamba zishikwe mkononi tu, zisifungwe. Na mpini wa kuzungushia vilango usiachwe kwenye mhimili wake, kwa maana kilango kikifyatuka, mpini huo huzunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Halafu kuna adabu ya maji, na hapa hesabu ya Brindley bado inafanya kazi. Ukifika loki imejaa nawe unapanda, na unaona boti inakuja kutoka juu, unasubiri. Mwenzako atashuka na maji yale, nawe utaingia loki ikiwa tayari tupu. Maji ya mara moja yamewahudumia wawili. Ukiondoka, unahakikisha vilango vyote vimeteremka. Asubuhi moja niliamka nikiwa nimeteleza hadi ukingoni mwa kitanda. Boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na kipande chote kati ya loki mbili kimekauka, kwa sababu usiku mtu alipita na kuacha kilango kimoja wazi. Ilichukua nusu siku kurudisha maji, na samaki wa kipande kile hawakuwa na nusu siku.

Kumiliki ni jambo jingine. Boti nyingi za leo ni za chuma cha kawaida cha ujenzi wa meli: milimita 10 chini, 6 ubavuni, 4 kwenye kuta za chumba. Adui ni kutu, nayo hula zaidi pale maji na hewa vinapokutana. Kila baada ya miaka miwili au mitatu boti hutolewa majini, ikasuguliwa na kupakwa lami. Vipande vya magnesi huchomelewa ubavuni ili viliwe badala ya boti. Kabla ya kununua, mlipe mkaguzi aliye huru aipime kwa mawimbi ya sauti, sehemu kwa sehemu. Usiridhike na rangi nzuri. Rangi nimeiona ikifunika mengi. Angalia ngamani. Maji machache chini ya injini yanaweza kuwa yametokea kwenye mhimili wa rafadha, ambako grisi husukumwa kila jioni kwa kuzungusha kishikio, na hilo ni la kawaida. Maji chini ya sakafu ya chumba cha kulala si ya kawaida.

Urefu nao uchague kwa kuzitazama loki. Baadhi ya mifereji ya kaskazini ilijengwa na loki pana lakini fupi, kwa ajili ya boti za aina nyingine, na boti ya mita 21 haiingii. Wengi huchagua futi 57, ambayo hupita karibu mtandao wote.

Sheria inadai bima, cheti cha usalama kinachofanywa upya kila miaka minne, na leseni ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililokabidhiwa mwaka 2012 mifereji na mito ya kilomita 3,200 hivi ya England na Wales. Asiye na maegesho ya kudumu lazima asafiri kweli: kwa sheria ya mwaka 1995, hakai mahali pamoja zaidi ya siku 14. Wapo wanaokimbilia boti kwa ajili ya kodi za nyumba za London. Siwalaumu, lakini nawasihi walale ndani ya boti ya kukodi wiki mbili za Januari kwanza. Utabeba makaa, utamwaga choo chako mwenyewe, utapanga kuoga kwa kutazama tangi na kuwasha taa kwa kutazama betri. King'ora cha hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko si pambo. Hewa isiyo na rangi wala harufu haimwamshi mtu aliyelala.

Waliotangulia waliishi kwa nafasi finyu zaidi. Reli zilipoanza kuwanyang'anya shehena katika karne ya 19, mabaharia wengi walishindwa kulipa pango la nchi kavu na mshahara wa msaidizi, wakawachukua wake na watoto kuwa mabaharia. Familia nzima ililala, ikapika na kuzaa katika chumba cha mita 3 hivi nyuma ya shehena, mlango wa kabati ukishushwa kuwa meza, kitanda kikikunjwa asubuhi. Walikipaka chumba hicho mawaridi na ngome, ndoo ya maji nayo vivyo hivyo. Sijui sanaa nyingine ya Uingereza inayonigusa kama hii.

Kazi ya shehena ilififia, na baridi kali ya 1963 iliyozigandisha boti kwa majuma ikaimaliza kwa sehemu kubwa. Kwamba mifereji haikufukiwa, tunamshukuru kwanza Tom Rolt, mhandisi aliyesafiri na boti yake Cressy mwaka 1939 na kuandika kitabu kilichotoka 1944. Robert Aickman alikisoma, akamtafuta, wakakutana Tardebigge, mahali penye ngazi za loki 30 mfululizo, na mwaka 1946 wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji. Watu wa kujitolea wakaingia kwenye tope na majembe. Mfereji mwembamba wa Huddersfield, wenye handaki la Standedge la kilomita 5 chini ya milima ya Pennine, ulifunguliwa tena 2001.

Anayetaka kuonja kwa mara ya kwanza, namwelekeza mfereji wa Llangollen mwezi Mei. Huko utavuka daraja la maji la Pontcysyllte la mwaka 1805, beseni la chuma lenye urefu wa mita 307, mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja kuna njia ya miguu na kizuizi, upande wa pili ukingo wa chuma tu, kisha hewa. Shika kana katikati, usitazame chini mpaka ufike katikati, halafu tazama sana.

Na kila upitapo chini ya daraja la zamani, sogea upande wa njia ya farasi utazame pembe ya ukuta. Utaona mifereji midogo iliyokatwa kwenye jiwe, mingine kwenye chuma kilichowekwa kulikinga jiwe. Ni kazi ya kamba za pamba zilizolowa maji na mchanga, zikivutwa na farasi mmoja aliyekokota tani 25, siku baada ya siku. Kidole kinaingia chote.