Uso Ujulikanao Gizani

Mtu akibisha hodi usiku, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Akiitambua sauti, hufungua. Simu itunzayo fedha nayo haina budi kumjua mwenyewe, maana ikimfungulia mwingine, akiba ya mwaka mzima huenda kwa dakika moja.

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019, asajiliye laini ya simu huweka kidole juu ya kioo kidogo, na alama zake hulinganishwa na zile alizotoa alipoandikishwa kwa kitambulisho cha taifa. Lakini tazameni mikono ya wakata mkonge wa Muheza, au ya wavuvi wa Pangani wavutao kamba za nyavu. Kazi huchubua vidole hata mistari ikafifia, na chombo kisisome kitu. Ndipo watu wakaufikiria uso. Ila uso nao una hatari yake: mwizi aweza kushika picha ya mwenye simu mbele ya kamera, na kamera dhaifu ikasadiki.

Dawa yake ni nuru tusiyoiona. Mwaka 1800, huko Uingereza, mtazama nyota William Herschel aliipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi. Kipimajoto kimoja alikiweka nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yo yote; nacho kikapanda kuliko vyote! Nuru hiyo yaitwa infraredi. (Mjukuu wake, William James Herschel, ndiye aliyemtaka mtu apige chapa ya mkono katika hati ya mapatano huko Bengal, Bara Hindi, mwaka 1858.)

Mwili ulio hai hutoa nuru hiyo wenyewe, kwa kuwa una joto. Kamera ya joto huona paji la uso likiwaka na ncha ya pua ikififia; karatasi haina tofauti hiyo. Lakini mtoto atokaye kucheza mpira juani uso wake hubadilika joto, hivyo kamera hiyo hujua upesi kwamba huyu yu hai kuliko kujua ni nani.

Simu nyingine za bei kubwa, tangu mwaka 2017, hutumia njia tofauti. Hurusha usoni vitone zaidi ya 30,000 vya infraredi, kisha hupima jinsi vilivyokaa: pua imetokeza, macho yameingia ndani. Juu ya picha vitone hukaa bapa, nayo hukataliwa. Tena giza si kitu, kwani simu huja na nuru yake. Waishindao ni mapacha wafananao sana. Hao huenda wakafunguliana simu, wala hawamdanganyi mama yao.