Sinema za mashujaa zimegeuka tuisheni

Likizo ya Agosti nilikuwa Mutomo, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Ukitoka Mombasa unashuka Kibwezi, unashika barabara ya Kitui, unapita Ikutha, na ukifika vumbi la Ukambani limeshakukaribisha. Mpwa wangu ana miaka kumi na minne. Usiku wa pili akaniomba nimpeleke kibanda cha video karibu na soko. Mabenchi ya mbao, televisheni moja, shilingi ishirini kwa kichwa.

Wakaweka The Marvels, ile ya 2023. Haukupita muda mpwa akaninong'oneza, "Mjomba, huyu mama nguvu zake alizipata wapi?" Nikaanza kumweleza. Kwanza kuna Captain Marvel ya 2019. Kisha kuna WandaVision, ambayo si sinema bali ni msururu wa 2021. Huko ndiko Monica Rambeau alikopata nguvu. Na yule msichana Kamala ana msururu wake, Ms. Marvel, wa 2022. Nilipomaliza, vita vilikuwa vimekwisha na watoto wa benchi la mbele wanapiga stori za mpira.

Mimi nimependa mambo haya tangu utotoni. Kwetu tulikuwa tukikodi kanda za deki, Superman wa Christopher Reeve leo, kesho Mr. India ya Anil Kapoor, na Shahenshah ya Amitabh tuliiangalia hadi kanda ikakatika. Hakuna aliyetuuliza kama tumeona nyingine kabla yake. Bibi yangu hakujua Kiingereza wala Kihindi na alimwelewa Mogambo vizuri sana, akimlaani.

Basi kwa nini siku hizi hata sisi wapenzi wa zamani tunachoka? Wengi husema mashujaa wamezidi. Mimi nadhani hesabu ni nyingine. Kuanzia Iron Man ya 2008 mpaka Avengers: Endgame ya 2019, Marvel walitoa sinema 22. Zilifungamana, ndiyo, lakini karibu kila moja ilikuwa na mwanzo na mwisho wake. Ukikosa moja hupotei njia. Endgame iliingiza karibu dola bilioni 2.8, na ilistahili, kwa sababu watu walikuwa wakilipwa subira ya miaka kumi na moja.

Baada ya hapo kampuni ya Disney ikaanzisha huduma yake ya intaneti, na huduma inataka kujazwa. Misururu ikaanza kumiminika, na sinema zikaanza kuitegemea. Doctor Strange ya 2022, mtu asiyeona WandaVision haelewi Wanda amekuwaje akageuka vile. Na sasa fikiria wa kwetu: misururu hiyo ilipotoka, huduma yenyewe haikuwa ikiuzwa Kenya. Yaani tulitakiwa tufanye mtihani wa kitabu ambacho dukani hakipo. Aliyeviona, mara nyingi aliviona kwa flashi ya duka la muvi, na tusijifanye watakatifu hapa. The Marvels haikufikisha hata dola milioni 210 dunia nzima, na Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney wakati huo, alikiri mwenyewe kwamba wingi wa kazi ulipunguza ubora.

Lakini Ms. Marvel yenyewe naitetea. Vipindi sita tu. Msichana Mwislamu wa Jersey City, mamake mkali kama mama zetu, rafiki yake Nakia anavaa hijabu na anagombea kiti katika kamati ya msikiti. Msikiti umeonyeshwa kama mahali pa watu wa kawaida, na viatu vinapotea mlangoni! Binti zangu walicheka kwa sababu wanapajua. Dhambi ya wakubwa ni kumchukua mtoto huyo na kumfanya kiungo cha sinema nyingine.

Black Panther ya 2018 ilifanikiwa kwa njia ya kinyume. Lupita alipokuwa akizungumziwa Kisumu nzima Februari ile, hakuna aliyehitaji kusoma kwanza. Mtoto anamzika baba, anarithi kiti, binamu anakuja kudai haki yake. Ugomvi wa mirathi huo! Pwani nani hauelewi? Ndiyo maana hata DJ Afro anaposimulia sinema kwa Kiswahili chake cha mtaani, zinazonoga ni zile zenye kisasi, mapenzi au mirathi. Msimulizi hawezi kuokoa hadithi ambayo nusu yake imebaki kwingine.

Kesho yake nikamfungulia mpwa Supa Modo kwenye laptop. Ni filamu ya Kenya ya 2018, ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo, mgonjwa wa kufa, na anapenda sinema za mashujaa. Mama anamtoa hospitalini aje kumalizia siku zake nyumbani. Dada yake anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinakubali kuigiza ili mtoto aamini. Mwishoni wanatengeneza sinema yao wenyewe. Hakuna jengo linaloanguka. Saa moja na robo hivi, imekwisha. Dada yangu alikuwa akichambua mchele, akaacha. Mpwa hakuniuliza swali hata moja, ila baadaye aliosha uso mara mbili.

Sitaki kusema ng'ambo hakuna kitu tena. Superman ya James Gunn, 2025, haikutulazimisha kuona chochote kabla, na mbwa wake Krypto pekee anastahili nauli. The Fantastic Four ya mwaka huohuo nayo iliwekwa katika dunia yake peke yake, ikapumua. Inaelekea wameanza kusikia.

Ila asubuhi ya kuondoka mpwa aliuliza kuhusu Avengers: Doomsday, iliyotangazwa kwa Desemba 2026, ambapo Robert Downey Jr. anarudi akiwa Doctor Doom. "Mjomba, nianze na zipi ili niielewe?" Nikaanza kumhesabia kwa vidole. Nilipofika ya kumi na moja akaniambia basi, ana mbuzi wa kufungulia.