Mvua, Kilomita 21 na Mwenzi Wako

Hivi wewe na mwenzi wako mmeshawahi kulowa pamoja? Sizungumzii kujibanza kwenye kibanda cha vocha mkisubiri mvua ikatike. Nazungumzia kulowa kwa makusudi, nusu marathoni nzima, maji yanachuruzika mgongoni na raba zinalia chwaa chwaa.

Sisi ndiyo starehe yetu. Mume wangu anafanya kazi Dodoma, mimi niko Morogoro, kwa hiyo ndoa yetu ni ya wikiendi. Jumamosi asubuhi ndiyo ya kukimbia, na huko barabarani ndiko tunakoongelea kodi ya nyumba, ndugu na mengineyo. Sasa ukisema mvua ikinyesha hatukimbii, basi Aprili nzima imekwenda na hamjaongea! Masika hayana huruma na ratiba za wapenzi.

Tena mbio za mvua zina heshima yake. Machi 26, mwaka 2016, mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalifanyika Cardiff, Wales, kwenye baridi, upepo na mvua iliyomwagika kama imetumwa. Mkenya Geoffrey Kamworor aliteleza pale pale mstari wa kuanzia, akaanguka, wenzake wakampita. Akainuka na magoti yamechubuka, akawafukuza mmoja mmoja, akashinda kwa dakika 59 na sekunde 10. Mkenya mwenzake Bedan Karoki akawa wa pili na Mo Farah wa Uingereza wa tatu. Upande wa akina mama Peres Jepchirchir naye akachukua dhahabu. Mvua ile ile!

Ila Kamworor alimaliza ndani ya saa moja. Mimi na wewe tunahitaji saa mbili na zaidi, na hapo ndipo pana kazi.

Mwili unaokimbia ni jiko. Ukiwa na kasi unatoa joto la kutosha hata kama umelowa chapachapa. Tatizo linaanza ukipunguza mwendo. Maji yanabeba joto kutoka kwenye ngozi mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, na fulana ya pamba iliyolowa inakung'ang'ania kama mdai. Jiko limezimwa, maji bado yanakupooza. Joto la mwili linatakiwa liwe kama nyuzi 37; likishuka chini ya 35 hiyo ni hali ya hatari, na si lazima uwe Ulaya kwenye theluji ndipo ikukute.

Nikitaja Ulaya nakumbuka Zombo. Ni kwao mume wangu, wilayani Kilosa, na wilayani humo kuna mahali panaitwa Ulaya. Basi mtu akituuliza asubuhi mnakimbilia wapi, mume wangu anajibu, "Ulaya!" Kila mara anacheka peke yake.

Aprili moja tulikwenda kuwasalimia wazee, Jumamosi tukatoka alfajiri. Mama mkwe alisimama mlangoni na kanga yake kichwani. "Mwanangu, mvua hii mnakimbia mnafukuzwa na nani?" Nikamwambia tunarudi sasa hivi, mama. Kilomita kumi za mwanzo zilikuwa raha tupu, tope jekundu mpaka magotini. Karibu na kilomita ya 15 mwenzangu akabanwa na msuli wa mguu. Tukaanza kutembea. Upepo ukaanza kupiga.

Baada ya muda kidogo nikaona ameacha kuongea. Mume wangu kunyamaza! Nikamwangalia, midomo inacheza. Kamba ya raba ilikuwa imefunguka, akainama kuifunga, vidole vikakataa. Akajaribu tena, vikakataa. Nikamwambia tuingie nyumba ile. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kwa daktari wa meno, "Zimebaki sita tu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye ndoa. Mwanaume yuko kijijini kwao, anajulikana toka mtoto, eti aingie kwa jirani akitetemeka mkewe amemshika mkono? Alinikatalia mara mbili. Mimi sikubishana, nilipiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni motoni, karibuni."

Bibi yule hakuuliza swali. Alimvua fulana yeye mwenyewe kama anamwogesha mtoto, akampa kanga mbili kavu na shuka, akachemsha chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Mzee mmoja akapendekeza pombe kali "ipashe damu". Hapana jamani! Pombe inafungua mishipa ya ngozini, unajisikia moto huku joto la ndani linatoroka. Baada ya kama nusu saa akaanza kunitania, nikajua amerudi. Angechanganyikiwa maneno, au kutetemeka kukate kabla hajapata joto, hapo si chai tena, ni hospitali haraka.

Tulipotulia tukawekeana mkataba, na naona kila wapenzi wanaokimbia wauweke: siku ya mvua, anayetetemeka hana kura. Anayeamua kusimama ni yule mwingine, na hakuna kununa nyumbani. Wapo watakaosema mwanaume ajiamulie mwenyewe. Ajiamulie akiwa mkavu.

Kuna watu wanadhani kumsubiri mwenzako kunakupotezea mbio. Mwaka 2018, Boston Marathon ilikimbiwa kwenye mvua na upepo, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mmarekani Desiree Linden alijisikia vibaya mapema, akafikiria kuacha, akamwambia mpinzani wake Shalane Flanagan kwamba yuko tayari kumsaidia. Flanagan alipoingia chooni katikati ya mbio, Linden akapunguza mwendo kumngoja. Mwishowe Linden ndiye aliyekuwa bingwa, kwa saa 2:39:54.

Kwa vifaa, usijitese. Fulana ya pamba iache kabatini, vaa ya michezo inayokauka haraka na inayobana kidogo. Kofia yenye ukingo inazuia mvua machoni. Mafuta ya mgando paka mapajani, kwapani na kwenye chuchu, hata wewe kaka, utanishukuru bafuni. Kunywa maji hata kama husikii kiu, maana jasho linatoka huku mvua inaliosha hulioni. Nguo kavu ziwe mahali mnapomalizia, mbadilishe kabla ya kupiga picha.

Na raba usizianike jikoni, gundi itaachia. Zijaze magazeti ya zamani, ubadilishe yakilowa. Za mume wangu zilikula magazeti ya baba mkwe ya wiki nzima, na mzee alikuwa hajamaliza kuyasoma.