Mlango wa Kompyuta Haulindwi kwa Kuachwa Wazi

Afisa aliyeko Koboko, penye mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, aweza leo kuiendesha kompyuta iliyoko Arua na kusoma jalada bila ya kusafiri. Faida hiyo ni kubwa; lakini njia impitishayo mwenye haki yaweza kumpitisha adui pia.

Maungano yakikataa, uchunguzi hauna budi kufuata utaratibu. Kwanza, kompyuta ya Arua ina umeme na haikulala? Iliyolala haijibu. Pili, mtandao upo pande zote mbili, na anwani ya kompyuta haikubadilika? Tatu, ruhusa ya kuingia kutoka mbali imewekwa, na jina la afisa limo orodhani? Nne, ukuta wa ulinzi unapitisha mlango nambari 3389, utumiwao na Windows?

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakichoshwa na hitilafu, huuacha mlango huo wazi kwa dunia nzima. Mwezi wa Mei 2019, Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa ulioitwa BlueKeep, uliomwezesha mgeni kuingia bila nywila. Hatari ilikuwa kubwa hata Windows XP, iliyoachwa tangu 2014, ikatengenezewa dawa.

Kwa hiyo maungano yapitie mtandao wa faragha uliofumbwa, kila afisa awe na nywila yake ndefu, na marekebisho yasicheleweshwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta humhesabu mkosaji aingiaye bila idhini. Lakini sheria humfuata mwizi, zamu humzuia.